Mchanga wa ufukwe wa Paje, Zanzibar, ukitoka wa kijivu kwenye picha, panda hadi +1
Unayeanza kupiga picha ufukweni: weka kamera kwenye modi A (kwa Canon ni Av), ambako wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inapanga kasi, bonyeza kitufe cha +/- na uzungushe gurudumu hadi +1 ili picha iongezeke mwanga. Kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani, kwa hiyo kikikuta mchanga mweupe hupunguza mwanga, na nyuso za watu huingia giza. Vazi jeusi la buibui likijaa kwenye fremu, fanya kinyume: -1. Kwenye modi M (unapanga kila kitu mwenyewe) yenye ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, uliyoifunga mwenyewe, fidia hiyo ya +1 au -1 haibadilishi mwanga wa picha. Tanga la ngalawa likishaungua kwenye picha, yaani likawa jeupe tupu kwa mwanga kuzidi, halirekebishiki. Ukiona hivyo, shuka hadi +0.3 upige tena. Ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe rudisha 0, maana kamera nyingi hazijirudishi zenyewe.