SOMO: Kupima ESBL kwa diski za klavulaneti, na unyevu wetu huu wa Tanga

Shikamoo wakubwa, na wadogo zangu wa maabara poleni na kazi. Vijana wa fildi wananiuliza sana jinsi ya kupima ESBL, zile enzaimu zinazowapa bakteria usugu wa dawa, kwaiyo naliandika lote leo.

Klavulaneti inatokana na bakteria wa udongoni anaitwa Streptomyces clavuligerus. Yenyewe peke yake nguvu ya kuua vijidudu ni ndogo, kazi yake ni kuzuia. Bakteria sugu anatoa enzaimu, beta-laktamesi, inaikata penisilini au seftriaksoni kabla haijamfikia, sasa klavulaneti inajitoa mhanga, enzaimu inaing'ata yenyewe na kunasa hapohapo, alafu dawa inapita. Ndo maana Augmentin, yaani amoksisilini na klavulaneti pamoja, ikatoka Uingereza mwaka 1981 na leo ipo kila duka la dawa kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone.

ESBL ni beta-laktamesi za wigo mpana, zinavunja mpaka antibiotiki kama sefotaksimu na seftazidimu, ila kwa klavulaneti zinanywea. Huo udhaifu wao ndo kipimo chenyewe.

1. Chukua koloni 3 hadi 5 zinazofanana za E. coli au Klebsiella kwenye pleti ya jana, koroga kwenye salaini mpaka ukungu ulingane na McFarland 0.5, kile kipimo cha kulinganishia ukungu.

2. Diski, vile vikaratasi vya duara vyenye dawa. Hapa naomba mnisikilize. Katriji, kile kichupa cha diski, ikitoka kwenye friza USIIFUNGUE, iache mezani mpaka ubaridi uishe kabisa, kwa sababu hewa yetu ya baharini ikigusa kitu cha baridi inageuka maji na klavulaneti na maji haviivani hata kidogo. Maabara niliyoanzia kazi umeme ulikuwa unakatika, sisi tunafungua katriji ingali baridi tunarudisha, tunafungua tunarudisha, siku kadhaa tukawa tunaandika "hakuna ESBL" kwa kila sampuli na tukafurahi. Siku tulipopanda kontroli, bakteria ambaye jibu lake linajulikana tayari kuwa ana ESBL, nayo ikasoma hakuna. Klavulaneti ilikuwa imeshakufa, ile dawa nyingine kwenye diski bado nzima, na majibu yameshaenda wodini. Iliniuma sana na bado inaniuma. Iliyofunguliwa iweke kwenye chombo kinachobana chenye silika jeli.

3. Paka swabu ya ule mchanganyiko kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria) yenye unene wa 4 mm, pande tatu ukizungusha pleti. Zisipite dakika 15 hujaweka diski.

4. Diski nne kwa kibano: sefotaksimu 30 µg, sefotaksimu na klavulaneti 30/10, seftazidimu 30, seftazidimu na klavulaneti 30/10. Zisibanane.

5. Inkubeta nyuzi 35, masaa 16 hadi 18.

6. Pima zoni, ile duara isiyoota bakteria kuzunguka diski, kwa rula. Yenye klavulaneti ikiizidi mwenzake kwa 5 mm au zaidi, hata kwa dawa moja tu kati ya hizo mbili, hiyo ni ESBL. Kontroli ni Klebsiella ATCC 700603, ambayo kwa kuongezewa klavulaneti zoni ya seftazidimu lazima ipande 5 mm au zaidi na ya sefotaksimu 3 au zaidi, na E. coli ATCC 25922, asiye na ESBL, isizidi 2. Kontroli ikigoma majibu hayatoki, hata daktari apige simu mara kumi.

Pleti zilizotumika zipitishe otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) nyuzi 121, msizitupe hivihivi.

MASWALI

Mdau wa Pongwe: Kaka diski zimeisha, nisage kidonge cha Augmentin niloweshe karatasi?

Hapana mdogo wangu. Kile cha 625 kina amoksisilini 500 mg ndani na klavulaneti 125 tu, hutajua nani kafanya kazi, na humo mna vijazio vingine. Tafuta unga safi wa klavulaneti potasiamu, uyeyushe siku hiyohiyo unayotumia, usiuweke wiki nzima.

Dada wa Muheza, wa miche ya mkonge: Sisi tunahitaji kuua Agrobacterium, bakteria tunayemtumia kuingiza jeni kwenye mmea, akishamaliza kazi, hii klavulaneti inafaa?

Inafaa dada, wenzetu wanatumia antibiotiki ya tikasilini na klavulaneti pamoja. Ila usiipitishe otoklevu, ichuje kwa filta uitie midia ikishapoa, na hamisha miche kwenye midia mpya mara kwa mara maana inaisha nguvu humo ndani.

Mwanafunzi: Kontroli zangu ziko sawa, bakteria anagoma sefotaksimu na seftazidimu ila tofauti haifiki 5. Siyo ESBL?

Usikimbilie hapo. Anaweza kuwa na AmpC, beta-laktamesi ya aina nyingine, klavulaneti haiiwezi, kwa Enterobacter ndo kabisa inaichochea, na ESBL inajificha nyuma yake. Rudia kwa diski ya antibiotiki ya sefepimu na ya sefepimu yenye klavulaneti, sefepimu AmpC haiisumbui sana. Kama hata meropenemu, antibiotiki kali zaidi, anagoma fikiria zile beta-laktamesi zinazotumia zinki kama NDM, hizo hata avibaktamu, kizuizi kingine kama klavulaneti, haizigusi, zinazimwa na kemikali ya EDTA inayoziondolea zinki, na hapo usikae nayo, mwite mkuu wako wa maabara siku hiyohiyo.