Kubadilisha raba za tangi la mafuta kwenye gari la zamani

Gari linalolala Raskazone au Chumbageni, hapa Tanga mjini, hupigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Tangi lililoning'inizwa chini ya buti kwa mikanda ya chuma huanza kuoza upande wa juu, lilipobanwa na sakafu, mahali ambapo hata ukilala chini ya gari hupaoni. Chanzo ni raba zilizo katikati. Zikizeeka hunywa maji ya mvua na kuyashikilia kwenye bati miezi na miezi. Tangi likishatoboka, spea ya gari la zamani unaijua ilivyo adimu. Kwa hiyo shusheni, mtazame.

Usalama kwanza, na hapa nawaomba msiruke mstari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa chini na kujaa shimoni, kwa hiyo kazi hii haifanywi kwenye shimo la gereji. Fanyia uwanjani penye upepo, mbali na sigara na jiko la mama lishe wa jirani. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Februari hapa Tanga. Tangi linaloonekana tupu ndilo la kuogopwa zaidi, maana limejaa mvuke huo. Ng'oa waya hasi wa betri, weka mtungi wa kuzimia moto karibu.

1. Endesha gari mpaka mafuta yabaki kidogo. Lita 40 za petroli ni karibu kilo 30, hutaki ziwe juu ya kifua chako. Yaliyobaki yatoe kwa pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo kamwe: petroli ikiingia mapafuni inaua.

2. Kabari kwenye magurudumu ya mbele, nyuma inyanyuliwe na ikae juu ya stendi. Tofali hupasuka bila kukuonya.

3. Piga picha mipira na nyaya zote, kisha fungua waya wa geji, mpira wa mafuta, wa kupumulia na shingo ya kujazia. Ziba matundu.

4. Nati za mikanda zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Weka ubao chini ya tangi, jeki chini ya ubao, legeza nati kwa zamu, shusha polepole.

5. Bandua raba kuukuu kwa kipande cha mti. Kutu isugue kwa msasa wa maji, kwa mkono. Grainda inatoa cheche, isisogee hapo. Bonyeza bati kwa kidole gumba kila mahali raba ilipokuwa. Likiwa zima, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi, na uiache ikauke kabisa.

6. Sasa raba yenyewe. Wengi hukata tyubu ya tairi kwa sababu ipo bure. Mpira wa tyubu huvimba na kulainika ukiguswa na petroli, na juu ya tangi petroli haikosi kumwagika. Tafuta mpira wa naitrili, ule wa kukatia gasketi. Ukimshuku muuzaji, loweka kipande kwenye petroli usiku kucha, ukipime kwa rula kabla na baada. Kikivimba sana, achana nacho. Unene upime kwenye raba kuukuu pale ambapo haikukandamizwa. Ukizidisha, shingo ya kujazia haitakaa sawa. Kata vipande virefu vyenye nafasi kati yake ili maji yapate njia ya kutoka. Gundi paka kidogo, upande mmoja tu. Mikanda nayo ivae raba.

7. Pandisha, kaza nati kwa zamu, usikaze mpaka bati libonyee. Mipira ya mafuta iwe mipya. Tia lita chache, kagua uvujaji, ndipo ujaze.

Maswali ya wanachama

*Muheza: Shikamoo fundi. Huku mkonge haukosi. Siwezi kutumia zulia la mkonge?*
Marahaba mwanangu. Mkonge umeulisha mkoa wetu tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mwaka 1893, lakini ni nyuzi, na nyuzi hunywa maji. Utaozesha tangi upya.

*Pangani: Nimekuta kitundu. Fundi anasema atajaza maji kisha achomelee.*
Mzuie, tafadhali. Mvuke hubaki kwenye mikunjo hata maji yakiwemo, na matangi yameua mafundi wengi. Kitundu cha sindano kizibe kwa gundi ya epoksi inayohimili petroli. Kikubwa zaidi ya hapo, tafuta tangi jingine.

*Ngamiani: Yangu ni Volkswagen Beetle, tangi liko mbele. Inanihusu?*
Inakuhusu, dada. Lako limekalia utepe wa mpira unaozunguka ukingo, na hushikwa na vibano vinne. Chagua mpira kwa kipimo kilekile cha kuloweka.

*Korogwe: Nimebadilisha, sasa tangi linagonga kwenye matuta.*
Raba mpya hukandamizika wiki za mwanzo, kaza tena kidogo. Nati ikifika mwisho wa uzi na tangi bado linacheza, raba ni nyembamba: shusha, weka nene.