Kupweleza mashua ndogo utengeneze mkuku, bila winchi wala kreni

Kupweleza ni kuiacha mashua ikae pakavu maji yakitoka. Kama mashua yako ni ya mbao, ile ya watu wanne watano, na ubao wa chini ya mkuku (ule uti wa mgongo wa mashua, chini kabisa) umelika au umelegea, usihangaike kutafuta mashine, subiri bamvua tu (siku za mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yatakubebea. Unguja na Dar siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi yamekupwa, saa kumi jioni yamejaa tena, kwaiyo mchana unapata masaa manne matano ya kufanya kazi pakavu.

Siku ndo uichague vizuri. Ukipandisha siku maji yamefika juu kabisa, kesho yake yanaanza kupungua na mashua inakaa hapohapo mpaka bamvua lijalo, karibu wiki mbili. Pandisha siku moja mbili kabla.

Toa farumi yote (mizigo ya kuipa mashua uzito chini), tanga, nanga, hata foromali (mti wa kufungia tanga). Ingia na maji ya alfajiri (tochi muhimu), tafuta mchanga mgumu sio tope, funga kamba mbele na nyuma. Maji yakianza kutoka weka gadi (miti ya kuiegemeza mashua) kulia na kushoto mapema kabla haijaanza kulala, na chini ya kila gadi tia kipande cha ubao zisizame, alafu zifunge kwa kamba maana watoto wa pwani hawakosi.

Kama ni kiraka tu usinyanyue kitu, chimba mchanga chini ya mkuku pale penye ubovu tu, mkono uingie na nyundo. Ubao mzima ndo unataka boriti ndefu juu ya gogo, wawili wanakandamiza mwisho wake, wa tatu anasukumia vipande vya mbao chini ya mkuku, kidogokidogo, na mtu asiingize mguu chini hata kwa utani.

Matundu ya misumari toboa kwanza kwa keke (kitobozi cha mkono), kila msumari uzungushie uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa ndo uugonge, hapo ndo maji yanapopenda kupita. Kalafati (ziba) viungo kwa pamba na chembeu (patasi butu ya kushindilia pamba), malizia na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa).

Saa saba fukia shimo, kusanya vyombo. Ikielea chungulia ndani, ikivuja kidogo kumba tu, mbao zilikauka zitavimba. Ikivuja mpaka kesho, pweleza tena, bamvua bado lipo.