Kabla hujamleta mtoto kwenye MRI ya kichwa

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu, na watoto wenye uvimbe kwenye ubongo tunawapokea. Mzazi, anza na fomu ya kipimo. Ikiwa uvimbe unashukiwa kuwa nyuma, kule kisogoni, muulize daktari: "Na mgongo je, tunaupiga?" Uvimbe kama medulloblastoma, aina ya saratani ya ubongo ya watoto, husambaa kupitia maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mgongo ukisubirishwa hadi baada ya upasuaji, damu iliyoshuka huko huweza kufanana kabisa na mbegu za saratani, na madaktari wakabaki kubishana. Vyote vipigwe pamoja, kabla ya kisu. Mtoto naye atalazwa usingizi mara moja tu badala ya mbili.

Watoto wadogo wengi hulazwa kwa dawa kwa sababu picha zinachukua hata saa nzima na kichwa hakitakiwi kutikisika. Kwa kawaida chakula kinakatwa masaa 6 kabla ya kulazwa, maziwa ya mama masaa 4 kabla, maji matupu masaa 2 kabla; daktari wa usingizi akikupa ratiba yake, ifuate hiyo. Uji ni chakula. Bibi akisema kauji kepesi hakadhuru, mkatalie kwa adabu.

Mkubwa anayeelewa mfanyishe mazoezi: mlaze chali, mchezeshee sauti za mashine kwenye simu. Ile inagonga kama fundi bati, lakini tutamziba masikio. MRI haitumii mionzi kama CT-Scan, kwa hiyo mara nyingi mzazi huruhusiwa kukaa naye ndani.

Vyuma vyote vibaki nje: hereni, pini za nywele, hirizi yenye kipande cha bati. Juzi nimetoa sarafu ya shilingi mia kwenye soksi ya binti mmoja! Kama mtoto amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, sema mapema na uje na kadi ya mrija huo. Ipo mirija ambayo valvu yake, kile kifaa kinachoongoza mtiririko wa maji, hurekebishwa kwa sumaku, nayo lazima ikaguliwe baada ya kipimo.

Atachomwa pia dawa ya gadolinium ili uvimbe ung'ae kwenye picha. Njoo na majibu ya kipimo cha figo, maana figo ndizo huitoa dawa hiyo mwilini.

Ukimaliza, dai CD yenye picha zote, usiridhike na filamu, yaani zile picha zilizochapwa. Kwenye CD daktari wa upasuaji anapitia kipande kwa kipande, anapima uvimbe kwa milimita, kisha anailinganisha na picha ya baada ya upasuaji, ambayo inatakiwa ipigwe ndani ya saa 72. Kupiga filamu picha ukamtumia kwa WhatsApp hakumsaidii.