Mkojo na figo: hatua ninazowafundisha wagonjwa wangu Lamu

Mimi ni muuguzi hapa Lamu. Kaskazi ikishakolea joto, hawakosi wa kuniambia, "Mkojo unaniunguza." Wengi wao wangeepukana na maumivu hayo kwa mambo madogo ya nyumbani, na inaniuma kuwaona wakisubiri mpaka walazwe.

Hatua ya 1: Ijue njia yenyewe. Figo ni mbili, kila moja kama ngumi, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini. Unachokojoa ni lita 1 hadi 2 tu. Mkojo huteremka kwa mirija miwili hadi kibofuni. Kutoka hapo mwanamume ana mrija wa sentimita 20 hivi, mwanamke ana 4 tu. Basi vijidudu vya haja kubwa havina safari ndefu kukifikia kibofu cha mwanamke.

Hatua ya 2: Tazama rangi. Manjano hafifu ni sawa. Ukifanana na chai ya rangi, umechelewa kunywa maji. (Vidonge vya vitamini B huutia manjano kali, hilo lisikutishe.)

Hatua ya 3: Kunywa kidogo kidogo, kutwa. Kwa joto letu mtu mzima mwenye afya anahitaji lita 2 na nusu hadi 3, na zaidi akifanya kazi juani. Mabaharia ndio wanaonisumbua moyo: hunywa kahawa alfajiri, kisha hawagusi maji mpaka jahazi litie nanga. Chumvi za mkojo zikikosa maji huganda zikawa vijiwe, na aliyewahi kupitisha kijiwe hahitaji kuelezwa uchungu wake. Beba dumu lako, ukamulie ndimu. Asidi yake husaidia kuzuia baadhi ya vijiwe. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yaache ya kufulia. Mwezi wa Ramadhani, gawanya maji yako tangu futari hadi daku, usiyabugie yote dakuni. Madafu ni mazuri, ila si kwa mtu ambaye figo zake zimeshadhoofika: yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu haziwezi kuitoa.

Hatua ya 4: Usibane haja. Kina mama, harusini mnakaa saa nyingi kwa kuona tabu ya kuvua buibui. Inukeni mwende. Ukistanji, peleka maji na mkono kutoka mbele kwenda nyuma. Baada ya tendo la ndoa, nenda ukakojoe.

Hatua ya 5: Zipunguzie figo mzigo. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) iroweke na umwage maji yake kabla ya kuipika. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kila siku kwa kujinunulia. Pima presha na sukari, kwani hayo mawili ndiyo yanayoua figo za watu wazima wengi, tena kimya kimya.

Hatua ya 6: Jua pa kukomea na tiba za nyumbani. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, damu kwenye mkojo, au kuungua kwa mjamzito au mtoto: njoo kituoni siku hiyo hiyo. Ukiona damu na uliwahi kuoga mtoni au bwawani huko bara, tuambie. Huenda ni kichocho, nacho kina dawa yake, prazikwanteli. Hakitibiwi kwa ndimu wala madafu.