Kilimo Hai Si Kuliacha Shamba Lijitafutie

Ukipita vijiji vya Sikonge au Urambo ukauliza nani analima kilimo hai, wengi watakujibu: "Mimi hapa, sijawahi kununua mbolea." Jibu hilo halitoshi. Shamba linalovunwa mahindi kila mwaka bila kurudishiwa kitu limechoka tu, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kikianza kuchanua maua yake ya zambarau kati ya mistari, ujue udongo umeshakwisha nguvu.

Kilimo hai kina misingi yake. Shirikisho la kimataifa la kilimo hicho, IFOAM, liliipitisha minne mwaka 2005: afya, ikolojia, haki na uangalifu. Kwa mkulima wa Tabora, tuanze na udongo, maana afya ya mlaji huanzia hapo. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya kichanga. Maji hupita haraka na kuondoka na rutuba, kwa hiyo kinachoishikilia ni mboji na mabaki ya mimea. Wazee walilijua hili: wakati wa kupiga matuta walifukia majani katikati ya tuta, yakaoza, mahindi yakala. Leo mtu anachoma mabua mwezi wa tisa ili shamba "lionekane safi", kisha anakopa pesa ya mbolea. Acha kiberiti. Samadi nayo iozeshe kwanza chini ya kivuli, ukiifunika kwa nyasi, kwani ile mbichi huunguza miche na kuleta mbegu za magugu.

Uangalifu ndio msingi unaosahaulika, na mkoa wetu una mfano wake. Watu hulowesha majani ya tumbaku na kunyunyizia mboga, wakisema ni dawa ya asili. Nikotini ni sumu. Hupenya kwenye ngozi, huua nyuki sawa na inavyoua vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mboga, na maji hayo yanaweza kupeleka virusi vya tumbaku kwenye nyanya. Kitu kutoka porini si lazima kiwe salama. Kwa vidukari, jaribu mwarobaini, tena jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na hata huo usipulizie ovyo.

Kwa kuwa tumewataja nyuki: asali ya Tabora inasifiwa kwa sababu inatoka misituni, lakini mzinga wa gome unaua mti. Ukichuna gome la mti wa mtundu kuuzunguka wote, mti hukauka, na maua yaliyokuwa yakilisha makundi yako hayatakuwepo tena. Huwezi kuiita asali hiyo hai kwa moyo mweupe. Mzinga wa mbao hutumika miaka mingi bila kuangusha mti mwingine. Kama jirani yako analima tumbaku, ongea naye mapema kuhusu siku za kupulizia, na uache ukanda wa miti au nyasi ndefu mpakani.

Haki haihitaji maneno mengi. Kibarua alipwe mlichokubaliana, kwa wakati mliokubaliana, si "mpaka nikiuza". Lumbesa nayo, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ikataeni wote kwa pamoja. Uzeni kwa mzani. Kikundi kinachokagua mashamba ya wanachama wake kwa zamu, yaani uthibitisho shirikishi, kinaweza kuomba kutumia alama ya Kilimohai, inayotegemea kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Ukaguzi huo una maana pale tu mnapothubutu kumwambia mwenzenu kwamba ameenda kinyume.

Bei nzuri usiitegemee msimu wa kwanza. Soko la Ulaya, kwa mfano, hudai kipindi cha mpito, yaani muda wa kulima kwa misingi hii kabla ya mazao kuuzwa kama ya kilimo hai: miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, miaka 3 kabla ya kuvuna ya kudumu. Weka daftari tangu sasa: ulipanda nini, wapi, uliweka nini, lini.

Usigeuze shamba lote kwa mara moja. Tenga robo eka iliyochoka kuliko zote, na mvua za Novemba zikishika, panda marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Yakianza kutoa maua, kabla shina halijakomaa, yakate na kuyafukia kwenye matuta. Msimu unaofuata weka mahindi hapo. Asiyeweza kukosa chakula cha robo eka hiyo apande mbaazi katikati ya mahindi, na majani yanayodondoka ayaache palepale.