Kutengeneza pete ya atomi yenye naitrojeni: somo kwa wanaoanza maabara

Isoniazidi, kidonge cha kifua kikuu, ilitengenezwa Prague mwaka 1912 na Hans Meyer na Josef Mally. Ikakaa. Nguvu yake dhidi ya TB ilikuja kujulikana 1952. Miaka 40 dawa ipo, wagonjwa wanakohoa, na hakuna aliyewaza kuijaribu. Ndiyo maana vijana wangu hapa Moshi, ambao TB kwao ni Kibong'oto, hospitali ya TB, tangu utotoni, siwaruhusu kugusa chupa kabla ya hatua ya kwanza.

1. Tafuta mpimaji. Nani ana vimelea, na anahitaji miligramu ngapi? Kama hujui, unatengeneza pambo la kabati.

2. Chora pete. Kwa mkono, tafadhali. Piridini ina pembe sita: kaboni tano, naitrojeni moja. Kwenye isoniazidi, mkia umeshika kaboni ya nne, mkabala na naitrojeni. Uhamishie kaboni ya tatu: atomi zilezile, idadi ileile, lakini makali dhidi ya TB yanapotea karibu yote. Kanuni kwamba molekuli ya dawa ya kumeza isizidi uzito wa 500, ichukulie kama ushauri wa mzee, si amri.

3. Pika. Kwa anayeanza napenda njia ya mkemia Hantzsch ya 1881: aldehidi moli moja, esta ya asetoasetiki moli mbili, na amonia, ndani ya ethanoli inayochemka taratibu chini ya kipozeo. Fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa, la sivyo chumba kitanuka banda la kuku. Nifedipini, dawa ya presha, ni ya ukoo huu.

4. Kagua usafi. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Dondoshea sampuli kwenye kibati cha silika, kisimamishe kwenye kiyeyusho kidogo, acha kiyeyusho kipande juu, kisha kimulike kibati kwa taa ya urujuanimno. Pete yenye besi kali haitoi doa la duara. Inaburuta mkia kama kimondo, kwa sababu silika ina asidi kidogo na inaing'ang'ania. Usitupe kazi yako. Ongeza matone machache ya trietilamini kwenye kiyeyusho, rudia, doa litajikusanya.

5. Thibitisha muundo kwa NMR, mashine ya sumaku inayoonyesha atomi zimeunganaje. Huna mashine? Tuma sampuli kwa mwenye nayo, kisha mpelekee mpimaji wako.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, kwa nini naitrojeni na si kaboni tupu?*
Naitrojeni nyingi hupokea protoni zikawa chumvi, na chumvi huyeyuka majini. Klorokwini ilinufaika zaidi: ikiingia kwenye kifuko chenye asidi ndani ya kimelea cha malaria, inachajiwa na kushindwa kutoka.

*Shikamoo Mwalimu. Changu kimeua bakteria wote kwenye sahani! Tunaanza lini kwa wagonjwa?*
Marahaba. Dawa ya madoa ya kufulia nayo inaua wote. Jaribu kwanza kwenye seli za binadamu, kisha wanyama. Kwa watu, bila kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), hugusi mtu.

*Unga wangu wa Hantzsch ulikuwa wa njano, sasa umepauka. Nimekosea wapi?*
Uliuweka dirishani, sivyo? Baadhi ya pete hizi mwanga huziharibu, nifedipini ikiwa mojawapo. Pima upya kiwango cha kuyeyukia. Kikiwa kimeshuka, safisha fuwele tena kwa ethanoli, na safari hii zungushia chupa karatasi ya fedha, ile ya kuchomea samaki.